Kuigawa Diski Kuu: Patisheni Ngapi, na kwa Sababu Gani

Patisheni ni sehemu ya diski kuu yenye mwanzo na mwisho unaojulikana, ambayo mfumo endeshi huishughulikia kama diski inayojitegemea. Diski moja ya gigabaiti 500 inaweza kuwa na patisheni moja, tatu au kumi, kila moja ikiwa na mfumo wake wa faili na nafasi yake. Kufuta yaliyomo katika moja hakugusi nyingine. Vilevile, moja ikijaa, haiwezi kukopa nafasi iliyo tupu kwa jirani yake. Sifa ya kwanza ndiyo faida ya kugawa, ya pili ndiyo gharama yake, na kila patisheni inayoongezwa inapaswa kuonyesha kwamba faida yake imeizidi gharama. Nyingi haziwezi.

Wakati wa kusakinisha mfumo endeshi, skrini ya kugawa diski hutokea dakika chache tu baada ya kuchagua lugha na kibodi, wakati ambapo anayesakinisha anataka kazi iishe. Ni bahati mbaya, kwa sababu huu ni mmoja wa mipangilio michache isiyobadilishwa kirahisi baadaye. Patisheni ni ukuta wa tofali, folda ni pazia. Ukuta unaweza kusogezwa, lakini kwa kubomoa, na vilivyomo ndani huwa hatarini muda wote kazi inapoendelea.

Desturi ya kugawa ina mizizi katika udogo wa hesabu za zamani. IBM ilipotoa kompyuta ya PC XT mwaka 1983 ikiwa na diski kuu ya megabaiti 10, mfumo wa DOS 2.0 uliokuja nayo uliweka jedwali la patisheni ili mifumo endeshi tofauti iweze kukaa kwenye diski moja. Muda si mrefu diski zikawa kubwa kuliko uwezo wa DOS. Mfumo wa faili wa FAT16 ulikomea kwenye megabaiti 32 kwa patisheni, baadaye gigabaiti 2, kwa hiyo mwenye diski ya gigabaiti 4 na Windows 95 ya mwanzo hakuwa na hiari: ilibidi aikate, akapata C na D. FAT32 ilipoingia mwaka 1996, na NTFS ilipofika kwenye kompyuta za nyumbani kupitia Windows XP mwaka 2001, ulazima ule uliisha, lakini desturi ikabaki. Hadi leo, kompyuta mpakato inayotoka kwa fundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue jijini Nairobi baada ya kupigwa Windows upya mara nyingi huwa na C na D. Sababu ipo, na itaelezwa mbele, ila si ile inayotajwa sana.

Jedwali la patisheni lipo la aina mbili. Lile la zamani, MBR, limo kwenye sekta ya kwanza kabisa ya diski, yenye baiti 512. Baiti 446 za mwanzo ni za programu fupi ya kuwasha kompyuta, 2 za mwisho ni alama ya kuthibitisha, na katikati zinabaki 64 tu. Kila patisheni huandikwa kwa baiti 16, na hapo ndipo ilipotoka sheria ya patisheni nne za msingi iliyowasumbua watu kwa miaka mingi: 64 ukigawanya kwa 16 unapata 4, basi. Aliyetaka ya tano alilazimika kuifanya mojawapo kuwa patisheni pana inayobeba nyingine ndani yake. Tena, ndani ya zile baiti 16, mahali pa kuanzia na ukubwa vimepewa biti 32 kila kimoja, na kwa sekta za baiti 512 hesabu hiyo hukomea kwenye terabaiti 2.2 hivi. Diski ya terabaiti 4 yenye jedwali la MBR hutumika karibu nusu tu, na mwenyewe hudhani ameuziwa feki.

GPT lilikuja pamoja na UEFI, programu ya ubao mama iliyorithi nafasi ya BIOS. Kwa kawaida lina nafasi ya patisheni 128, kila moja ikiandikwa kwa baiti 128, pamoja na namba ya kukagua kama maandishi yameharibika, na nakala nzima ya jedwali hukaa mwishoni mwa diski. Sekta ya mwanzo ikifa, ramani haipotei. Kwa kompyuta yoyote ya miaka kumi iliyopita, hakuna sababu ya kuchagua MBR isipokuwa pale panapohitajika kuendesha mfumo wa zamani usiojua UEFI.

Kinachowakwaza wengi ni kulinganisha jedwali na namna kompyuta ilivyowashwa. Flashi ileile ya kusakinishia yaweza kuwashwa kwa njia ya UEFI au kwa njia ya zamani ya BIOS, na kwenye kompyuta nyingi menyu ya kuwasha huionyesha mara mbili, kwa majina yanayofanana isipokuwa neno moja. Windows iliyowashwa kwa UEFI hukataa diski ya MBR. Iliyowashwa kwa njia ya zamani hukataa diski ya GPT. Ujumbe wa kukataa hutaja mtindo wa patisheni, na asiyeuelewa hufuta kila kitu ili yaishe, data zikiwemo. Mara nyingi dawa ilikuwa kuzima, kurudi kwenye menyu ya kuwasha na kuchagua mstari wa pili. Kwa diski ya MBR ambayo tayari ina Windows 10, Microsoft ilitoa mwaka 2017 zana ya MBR2GPT, inayobadilisha jedwali bila kufuta faili.

Windows ikipewa diski tupu na kuachwa ijigawie, hutengeneza patisheni nne. Ya kwanza ni ya EFI, megabaiti 100 hivi kwa mfumo wa FAT32, ambamo ubao mama hutafuta programu ya kuwashia. Ya pili ni akiba ya Microsoft ya megabaiti 16, ambayo mtumiaji haioni katika matumizi ya kila siku. Kisha inakuja C, na baada yake ile ya uokoaji, ya megabaiti mia kadhaa, yenye zana za kukarabati Windows inapokataa kuwaka. Fundi anayezifuta hizi ndogo kwa kuona zinajaza orodha bure hubakiza mashine isiyowaka au isiyojikarabati.

Patisheni ya uokoaji inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu imeonyesha jinsi kipimo kilichowekwa siku ya kwanza kinavyoweza kuleta shida miaka baadaye. Januari 2024 Microsoft ilitoa sasisho la usalama namba KB5034441 kwa Windows 10, lililohitaji nafasi zaidi ndani ya patisheni hiyo. Kompyuta zilizokuwa zimetengewa nafasi ndogo zilishindwa kulipokea, zikionyesha kosa 0x80070643, ambalo halisemi lolote kuhusu nafasi. Suluhisho la kampuni lilikuwa kumwagiza mtumiaji apunguze C kwa megabaiti 250 na kuipanua ile ya uokoaji kwa mkono, kwa kuandika amri. Huo si mzigo wa kumtwika katibu muhtasi wa shule. Anayejigawia mwenyewe leo na aiachie walau gigabaiti 1.

Mahali ilipo patisheni hiyo nalo ni jambo. Zana ya diski iliyomo ndani ya Windows huipanua C kuelekea kulia tu, na kwa nafasi tupu inayopakana nayo. Patisheni ya uokoaji ikiwa katikati, au D ikiwa imekaa hapo, C haipanuki hata kama mwishoni mwa diski kuna gigabaiti 100 zisizo na kazi.

Turudi kwenye C na D. Sababu inayotajwa sana ni kwamba D hulinda data. Dhidi ya nini? Diski ikifa, C na D hufa pamoja. Kompyuta ikiibwa, zote huondoka. Virusi vya kudai fidia husimba faili za patisheni zote bila kubagua. Kinacholindwa na D ni kitu kimoja: siku Windows inapopigwa upya, C hufomatiwa na D huachwa. Kwa watu ambao kompyuta zao hupelekwa kwa fundi kila zinapozidi kuwa nzito, hiyo si faida ndogo, na ndiyo iliyoiweka hai desturi hii. Lakini Windows 10 na 11 zina njia ya kujirudisha upya huku zikitunza faili za mtumiaji, na njia hiyo haihitaji D.

Isitoshe, D husaidia endapo faili zimo humo kweli. Mtazame mwenye diski ya SSD ya gigabaiti 256. Windows itamwonyesha 238, kwa kuwa mtengenezaji huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1024. Kwa kanuni hiyohiyo 500 huonekana 465, na terabaiti 1 huonekana 931. Fundi amempa C ya 60 na D ya 178. Lakini nyaraka, picha, vilivyopakuliwa na vilivyowekwa juu ya meza ya skrini vyote hukaa C, kwa kuwa ndiko Windows ilikoviweka tangu mwanzo. Programu nazo huenda C, pamoja na masasisho, faili la kuhifadhi kumbukumbu na data za WhatsApp ya kompyuta. Baada ya mwaka C imekuwa nyekundu, Windows inakataa kujisasisha kwa kukosa nafasi, na D ina filamu tatu. Huu ndio ugawaji mbaya kuliko kutogawa: gharama imelipwa yote, faida haikupatikana, kwa sababu siku fundi atakapofomati C ndipo nyaraka zitakapoondoka nayo.

Anayeitaka D basi aimalizie kazi. Folda ya nyaraka inabonyezwa kitufe cha kulia, sifa zake zinafunguliwa, na kwenye ukurasa wa mahali ilipo inahamishiwa D. Vivyo hivyo kwa picha na vilivyopakuliwa. C isipungue gigabaiti 120. Windows 11 hudai diski ya walau gigabaiti 64, lakini hicho ni kipimo cha kuingia mlangoni tu, hakihesabu miaka mitatu ya masasisho na programu. Diski ya gigabaiti 128 haifai kugawanywa kabisa.

Upande wa Linux hesabu ni tofauti kidogo, kwa kuwa hakuna herufi za diski. Kila patisheni hupachikwa mahali fulani kwenye mti mmoja wa folda unaoanzia kwenye mzizi, yaani alama ya mkwaju. Kwa sababu hiyo folda za watumiaji, /home, zinaweza kuwa patisheni ya pekee bila mtumiaji kuona tofauti yoyote, na faili zake huingia humo zenyewe. Lile tatizo la D iliyo tupu halipo. Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux, hudai gigabaiti 25. Mzizi wa 50 hadi 60 unatosha kazi za kawaida, na kinachobaki ni cha /home. Siku ya kusakinisha toleo jipya, mzizi hufomatiwa na /home hupachikwa bila kuwekewa alama ya kufomati. Alama hiyo ndogo ndiyo tofauti kati ya kuhifadhi na kupoteza kila kitu, nayo hukaa safu moja tu na ukubwa wa patisheni. Hata hivyo, kwenye diski ndogo, mzizi mmoja usiogawanywa ndio uamuzi wa busara, na ndio ambao visakinishi vingi huupendekeza.

Swapu, eneo la diski linalosaidia kumbukumbu ya RAM inapojaa, imebeba kanuni iliyopitwa na wakati: mara mbili ya RAM. Ilikuwa na maana RAM ilipokuwa megabaiti 64. Tangu toleo la 17.04 la mwaka 2017, Ubuntu hutumia faili la swapu badala ya patisheni, na faili huongezwa au kupunguzwa bila kugusa jedwali. Fedora, Linux nyingine, katika toleo la 33 la mwaka 2020 ilikwenda mbali zaidi kwa kuweka swapu ndani ya RAM yenyewe ikiwa imebanwa. Patisheni ya swapu imebaki na maana hasa kwa anayetaka kompyuta ilale usingizi wa kuzimwa kabisa na kuamka na kazi zake zote, na hapo isiwe ndogo kuliko RAM.

Kwenye seva, kugawa bado kuna hoja nzito. Kumbukumbu za matukio na barua huandikwa ndani ya /var, na programu moja iliyoharibika yaweza kuandika makosa usiku kucha mpaka diski ijae. /var ikiwa patisheni yake, kinachojaa ni hiyo tu, na msimamizi bado ataweza kuingia na kurekebisha. Mfumo wa faili wa ext4 una kinga ya aina hiyo hata bila kugawa: hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya msimamizi peke yake. Kwenye diski ya data ya terabaiti 1 hizo ni gigabaiti 50 zinazokaa bure, na amri ya tune2fs huzipunguza.

Windows na Linux zikikaa kwenye diski moja, patisheni si hiari tena, na mpangilio wa kazi huwa muhimu kuliko vipimo. Windows hutangulia. C hupunguzwa kwa zana ya Windows yenyewe, si kwa kisakinishi cha Linux, kwa kuwa Windows inazijua faili zake zisizohamishika. Faili hizo ndizo zinazoshangaza: C ina gigabaiti 120 zilizo wazi, lakini zana inaruhusu kupunguza 40 tu, kwa sababu faili la usingizi au la kumbukumbu limekaa katikati. Amri ya powercfg /h off huondoa la kwanza. Amri hiyo pia huzima uwashaji wa haraka uliokuja na Windows 8, ambao huiacha C katika hali ya nusu usingizi kila kompyuta inapozimwa, na Linux, kwa haki kabisa, hukataa kuandika kwenye patisheni iliyo katika hali hiyo.

Patisheni ya EFI haihitaji kuwa mbili. Kila mfumo huweka folda yake humo, Microsoft kwa upande huu na ubuntu kwa upande ule, na ubao mama hufuata orodha yake ya kuwasha kujua uanze upi. Kosa la kawaida ni kuiwekea alama ya kufomati wakati wa kusakinisha Linux. C hubaki nzima na faili zote zimo, ila Windows haiwaki tena mpaka ikarabatiwe kwa flashi yake.

Wengine huongeza patisheni ya tatu ya kushirikiana kati ya mifumo miwili, na kuifomati kwa exFAT kwa kuwa pande zote huisoma. Panapokatika umeme bila taarifa, uchaguzi huo ni dhaifu. NTFS na ext4 huandika kwanza daftari la mabadiliko, hivyo baada ya kuzimika ghafla hujirekebisha. ExFAT haina daftari hilo. Linux ina kiendeshi cha NTFS chenye uwezo wa kusoma na kuandika ndani ya kiini chake tangu toleo la 5.15 la mwaka 2021, kwa hiyo NTFS inafaa zaidi kwa kazi hiyo.

Usimbaji fiche umeongeza tahadhari mpya. Kuanzia toleo la 24H2 la mwaka 2024, Windows 11 inayosakinishwa upya kwa akaunti ya Microsoft husimba diski yenyewe kwenye kompyuta nyingi, na mwenyewe asijue. Kubadilisha patisheni au mpangilio wa kuwasha kwaweza kuifanya idai ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48. Ufunguo huo hutafutwa kwenye akaunti na kuandikwa pembeni kabla ya kugusa chochote. Asiyekuwa nao hana njia ya kuzipata data zake, na hakuna fundi atakayemsaidia.

Diski za SSD zimefuta baadhi ya sababu za zamani. Kwenye diski inayozunguka, miduara ya nje husomwa haraka kuliko ya ndani, kwa hiyo kuiweka C mwanzoni kulileta tofauti. SSD haina nje wala ndani. Data za patisheni moja hutawanywa popote. Inachohitaji ni nafasi wazi ya kuzungushia maandishi yake, na asilimia 10 hadi 15 isiyotumika huitosha, iwe katika patisheni yoyote. Mwenye SSD ndogo pamoja na diski inayozunguka ndani ya kompyuta moja hana haja ya kufikiri sana: mfumo kwenye ya kwanza, faili kubwa kwenye ya pili.

Mwelekeo wa teknolojia yenyewe ni kuondoka kwenye kuta za kudumu. LVM, iliyoanzishwa na Heinz Mauelshagen mwaka 1998, iliiwezesha Linux kukata maeneo ambayo ukubwa wake hubadilika bila kujali yanapakana na nini, ingawa mfumo wa faili unaowekwa juu yake una masharti yake: XFS hupanuka lakini haipungui. Btrfs, ambayo Fedora 33 iliifanya chaguo la kawaida kwa kompyuta za mezani, hugawa maeneo yanayochota nafasi kutoka bwawa moja. APFS ya Apple ya mwaka 2017 hufanya vivyo hivyo. Hapo faida ya kutenganisha hupatikana bila gharama ya kujaa upande mmoja.

Hata mpango mzuri huharibiwa na kidole kilichokosea. Kufuta patisheni huondoa maandishi ya jedwali tu, na data hubaki mpaka ziandikwe juu. Programu huria ya TestDisk imewarudishia watu wengi patisheni zilizopotea, mradi diski haikuendelea kutumika. Kwenye SSD uwezekano huo ni mdogo, kwa sababu mfumo huweza kuiamuru ifute papo hapo. Visakinishi navyo huzitaja diski kwa namba na ukubwa, 0 na 1 kwenye Windows, sda au nvme0n1 kwenye Linux, na diski mbili za terabaiti 1 hufanana kabisa kwenye orodha. Nakala ya faili muhimu iwekwe kwanza kwenye diski ya nje, ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha inasomeka, kisha diski hiyo ichomolewe kabla ya kisakinishi kuanza.